Mbegu Zilizohaririwa Jeni: Maswali ya Kuuliza Kabla Hazijafika Shambani

Kila tunapogusa suala la mbegu katika kipindi chetu cha kilimo, simu za studio hazipumziki. Wapo wanaouliza kama mbegu hizi mpya za maabara zinaleta magonjwa. Wapo waliosikia kwamba ukizipanda mara moja, shamba halikubali tena mbegu ya babu. Na wapo wanaotaka kujua watazipata wapi na lini, maana kiduha kimewamaliza na hawana muda wa kungoja mabishano ya wakubwa.

Kwenye redio dakika ni chache. Ndiyo maana tumeandika makala hii, uisome taratibu kwenye simu yako na, ukiweza, uwasomee na wengine nyumbani. Hatukuambii ukubali wala ukatae. Tunataka siku mbegu hizi zitakapoletwa kijijini kwako, uwe unajua cha kuuliza.

Uhariri wa jeni ni nini?

Ndani ya kila mmea kuna maelekezo yanayouongoza ukue vipi. Yafananishe na kitabu kirefu sana. Jeni ni kama sentensi moja ya kitabu hicho. Kuna jeni inayohusika na rangi ya punje, nyingine na urefu wa shina, nyingine na namna mmea unavyopambana na ugonjwa.

Wakulima wamekuwa wakibadilisha kitabu hiki tangu zamani bila kukiona kwa macho. Mama anayechagua suke kubwa kuliko yote na kulitundika juu ya moshi wa jikoni kwa ajili ya msimu ujao anachagua jeni. Wataalamu wa mbegu waliongeza njia ya kuchavusha kwa mkono, yaani kuozesha mmea huu na ule. Wengine hutumia mionzi. Kule Zanzibar, mpunga uitwao SUPA BC ulipatikana kwa kupiga mionzi mbegu ya Supa, kisha kuchagua miche iliyobadilika vizuri. Mionzi hubadilisha kitabu ovyo ovyo, sehemu nyingi kwa mpigo, na kazi ya mtaalamu ni kuchambua kilichofaa.

Mazao ya GMO, kwa maana ambayo wengi tumeizoea, ni jambo jingine. Hapo wanasayansi huchukua sentensi kutoka kitabu cha kiumbe tofauti na kuipachika ndani ya mmea. Mahindi ya Bt, kwa mfano, yana jeni ya bakteria wa udongo inayoyawezesha kuua aina fulani za viwavi.

Uhariri wa jeni ni kuingia ndani ya kitabu cha mmea wenyewe na kurekebisha neno mahali palipochaguliwa. Chombo kinachotumika sana huitwa CRISPR, hutamkwa krispa. Kifananishe na mkasi unaotumwa kwenye ukurasa mmoja. Unakata, mmea unaunga jeraha lake wenyewe, na katika kuunga herufi chache hupotea au hubadilika. Mara nyingi jeni iliyokatwa hunyamaza. Waliotangaza mwaka 2012 namna ya kuutumia mkasi huu, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020.

Katika mazao mengi ya aina hii, mkasi wenyewe huondolewa baadaye na hakuna jeni ya kiumbe kingine inayobaki. Hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Upande mmoja unasema hii haina tofauti na uzalishaji wa mbegu wa kawaida. Upande mwingine unasema binadamu ameingiza mkono wake ndani ya jeni, basi sheria za GMO zihusike. Wakati wanabishana, kazi inaendelea. Japan ilianza kuuza nyanya iliyohaririwa jeni mwaka 2021.

Mtama na kiduha: mfano ulio karibu nasi

Ukanda wetu wa mtama na uwele unakijua kiduha. Kinachipua chini ya mmea, kinatoa maua mekundu au ya zambarau ya kupendeza, kumbe mizizi yake imeng'ang'ania mizizi ya mtama inanyonya. Jirani zetu Wajaluo wa Kenya hukiita kayongo. Mmea mmoja wa kiduha hutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo hukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri.

Zinasubiri nini? Mizizi ya mtama hutoa kemikali kwenye udongo ili kuwaita fangasi rafiki, wale wanaousaidia mmea kupata fosforasi. Ni kama mama anayepiga kelele uani kuwaita watoto waje kula. Kiduha kimejifunza kusikiliza mwito huo. Kikiusikia kinajua mtama upo karibu, kinaota na kuvamia.

Wanasayansi wamegundua kwamba baadhi ya aina za mtama zina hitilafu ya asili katika jeni iitwayo LGS1. Hitilafu hiyo haizimi mwito, bali inabadilisha sauti yake, na kiduha kingi hakiamki. Katika Chuo Kikuu cha Kenyatta nchini Kenya, watafiti wakiongozwa na Profesa Steven Runo wamekuwa wakitumia mkasi wa CRISPR kuiga hitilafu hiyo katika mtama.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wengi hawaijui. Ukinzani wa kiduha si mgeni Tanzania. Mwaka 2002 nchi yetu ilitoa kwa wakulima aina mbili za mtama zinazostahimili kiduha, Hakika na Wahi. Zilitokana na kazi ya Profesa Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na ambaye mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Njia yake ilikuwa kuozesha mtama na mtama, kwa kutumia mitama ambayo mizizi yake haikiamshi kiduha.

Kwa hiyo tabia ileile inaweza kufika shambani kwa njia mbili: kwa kuozesha au kwa mkasi. Hili linatufundisha kwamba kuuliza tu kama mbegu imehaririwa hakutoshi. Inabidi kuuliza nini kimebadilishwa, katika zao gani, litapandwa wapi, na nani ataimiliki mbegu.

Hofu za mazingira: zipi zina uzito?

Hofu ya kwanza ni mbegu kuchanganyika na mimea ya porini. Hapa mtama na mgomba havifanani hata kidogo.

Mtama ni mtoto wa Afrika. Ulianza kulimwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita katika eneo la Sudan, na ndugu zake wa porini bado wanaota kando ya mashamba yetu. Ingawa mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, chavua nyingine husafiri kwa upepo, na uchunguzi uliofanyika Kenya umeonyesha kwamba mtama wa shambani na mtama mwitu hubadilishana jeni. Maana yake, jeni iliyohaririwa inaweza kuvuka mpaka wa shamba. Mtama mwitu ukipata kinga dhidi ya kiduha, je, utakuwa gugu sugu zaidi? Swali hilo linahitaji kupimwa kwenye udongo na kwa misimu, halijibiwi maabara peke yake.

Mgomba ni habari nyingine. Jijini Nairobi, wanasayansi wa taasisi ya IITA wakiongozwa na Dakta Leena Tripathi walihariri aina ya ndizi za kupika iitwayo Gonja Manjaya. Virusi vya ugonjwa wa michirizi ya migomba hujificha ndani ya vinasaba vya mgomba huo wenyewe, na mmea ukipata shida, kwa mfano ukame, virusi huamka. Watafiti walivikata virusi humohumo vilimojificha. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2019, migomba 75 kati ya kila 100 iliyohaririwa haikuonyesha dalili hata ilipokoseshwa maji. Mgomba wa namna hii hauna mbegu, tunapanda machipukizi. Hofu ya chavua kukimbilia porini ni ndogo mno hapa. Mkasi ni uleule, lakini hatari si ileile.

Hofu ya pili ni mabadiliko yasiyokusudiwa. Mkasi unaweza kukata pasipotakiwa, au kuacha kitu nyuma. Mfano unaokumbukwa sana si wa zao bali wa mifugo. Kampuni moja ya Marekani ilihariri jeni ili kupata ng'ombe wasio na pembe, na ikaeleza kwamba kazi ilitoka safi. Mwaka 2019 wachunguzi wa mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo walikagua upya taarifa za vinasaba na kukuta vipande vya bakteria vimebaki ndani ya ng'ombe, pamoja na jeni za usugu dhidi ya antibiotiki. Haina maana kwamba nyama ile ilikuwa sumu. Funzo ni kwamba anayetengeneza asiwe ndiye pekee anayekagua.

Hofu ya tatu ni viumbe wa udongoni. Tumesema mwito wa mizizi ya mtama ni wa kuwaita fangasi rafiki. Ukibadilisha sauti ili mwizi asisikie, inabidi uhakikishe kwamba marafiki bado wanasikia vizuri, hasa katika udongo uliochoka ambako mmea unawategemea zaidi.

Hofu ya nne ni wadudu na magugu kuzoea. Nchini Marekani, tangu mwaka 1996 wakulima wamepanda soya za GMO zinazostahimili dawa ya magugu iitwayo glifosati, na mazao mengine yakafuata. Dawa moja ilipigwa mwaka hadi mwaka. Mwaka 2005, katika jimbo la Georgia, gugu moja la jamii ya mchicha lilithibitishwa kuwa halifi tena kwa dawa hiyo. Kiduha nacho ni kiumbe hai, nacho hubadilika. Kinga ya jeni moja, iwe imetokana na mkasi au na kuozesha, ikiachiwa kazi yote peke yake huweza kuvunjwa. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kuchanganya mbinu: kung'oa kiduha kabla hakijatoa mbegu, kuongeza samadi, kubadilisha mazao, na kupanda desmodiamu katikati ya mistari, kama inavyofundishwa katika mbinu ya sukuma-vuta ya taasisi ya ICIPE.

Hofu ya tano ni wote kupanda aina moja. Mwaka 2011 ugonjwa wa mahindi wa MLN ulipoibuka kaunti ya Bomet, Kenya, ulikuta aina nyingi za mahindi hazina kinga, ukasambaa hadi kwetu na nchi nyingine jirani. Mbegu mpya ikisifiwa sana, watu huacha zile za zamani. Na mbegu ya zamani ikishapotea kijijini, kuirudisha ni kazi kubwa.

Upande wa haki

Tuondoe kwanza uvumi mmoja. Wengi wamesikia kuhusu mbegu zilizotengenezwa makusudi zisiote tena zikivunwa. Wazo hilo lilipewa hataza Marekani mwaka 1998, likapingwa duniani kote, na mbegu za namna hiyo hazijawahi kuingizwa sokoni. Uhariri wa jeni wenyewe hauzuii mbegu kuota. Kinachomrudisha mkulima dukani kila msimu mara nyingi ni chotara, na chotara wapo tangu enzi za babu zetu.

Lakini kufuli lipo mahali pengine, nalo ni la karatasi. Hataza ni haki ya kisheria ya mgunduzi kumiliki ugunduzi wake. Chuo Kikuu cha California na Taasisi ya Broad, zote za Marekani, zimepigania umiliki wa CRISPR kwa miaka mingi. Kwa upande wa kilimo, kampuni ya Corteva ina usemi mkubwa juu ya leseni. Mtafiti wa chuo hupewa nafasi ya kufanya utafiti bila malipo, lakini bidhaa ikienda sokoni, mazungumzo ya ada huanza. Corteva hiyohiyo inashirikiana na CIMMYT na KALRO nchini Kenya kuhariri mahindi yastahimili MLN. Kwa mkulima, swali ni la moja kwa moja: mbegu hii nikiivuna, naruhusiwa kuihifadhi? Naweza kumgawia shemeji yangu? Na vikundi vyetu vinavyozalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, chini ya ukaguzi wa TOSCI, vitaruhusiwa kuizalisha? Hapa kwetu ipo pia sheria ya mwaka 2012 inayompa mgunduzi wa aina mpya ya mbegu haki ya kuzuia wengine kuiuza bila ruhusa yake.

Jambo la pili la haki ni kujua unachokula na unachopanda. Mmea uliopachikwa jeni ya kigeni unaweza kupimwa maabara ukajulikana. Uliohaririwa herufi chache ni vigumu sana kuutofautisha na uliobadilika kiasili, kama huna taarifa za aliyeutengeneza. Kwa hiyo kumbukumbu zisipowekwa tangu mwanzo, baadaye hakuna wa kujibu. Japan, kampuni ya nyanya iliamua yenyewe kuandika kwenye bidhaa kwamba imehaririwa. Ni jambo la heshima kwa mlaji, ila lilitegemea hiari.

La tatu ni asili ya jeni zenyewe. Mitama yenye kinga haikuanguka kutoka mbinguni. Ilitunzwa vizazi kwa vizazi na wakulima wa Afrika, wengi wao wanawake, waliochagua suke lililosimama wakati mengine yamelala. Elimu ya mkasi imetokana na maabara, lakini wazo la kukata wapi limetokana na mashamba yao. Ni haki kuuliza wao watapata nini.

La nne ni upande wa pili wa mizani, nao tusiufiche. Kuchelewa nako kuna gharama. Familia iliyovuna debe mbili palipostahili magunia haiwezi kula mjadala. Anayesema tusubiri inampasa aseme pia tusubiri huku tukifanya nini.

Sheria zinasemaje?

Nchi hazijakubaliana. Julai 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mazao yaliyohaririwa jeni yahesabiwe kuwa GMO. Uingereza baada ya kujitoa kwenye umoja huo ilienda njia yake, na mwaka 2023 ikapitisha sheria ya kulegeza masharti kwa upande wa England. Kenya ilitoa mwongozo wake mwaka 2022: kila zao linaangaliwa peke yake, na lisilobaki na jeni ya kigeni linaweza kushughulikiwa kama mbegu ya kawaida.

Tanzania ni mwanachama wa Itifaki ya Cartagena ya usalama wa bioteknolojia, na tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 pamoja na kanuni za mwaka 2009 zilizo chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Kanuni hizo zilikuwa na kifungu kikali: madhara yakitokea, mhusika analipa hata kama hakufanya uzembe. Mwaka 2015 kifungu hicho kililegezwa kwa upande wa utafiti, na mwaka 2016 mahindi ya GMO ya majaribio yakapandwa Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru majaribio yasimamishwe na mabaki yateketezwe.

Sasa angalia ramani. Kenya ina mwongozo wa aina moja, sisi tuna utaratibu wetu, na katikati kuna mpaka ambao mtu huvuka na debe la mbegu kwenye bodaboda bila kuulizwa. Mbegu haina pasipoti. Ndiyo maana mjadala huu unamhusu mkulima wa kijijini leo, hata kama ofisini bado unaonekana wa kesho.

Maswali saba ya kuuliza

Siku mtu atakapokuja na mbegu na kukuambia imeboreshwa kwa teknolojia mpya, awe bwana shamba, muuza pembejeo au jamaa aliyetoka ng'ambo ya mpaka, muulize haya:

1. Nini kimebadilishwa, na kwa faida gani kwangu mimi mkulima?
2. Ina lebo ya TOSCI, na aliyeidhinisha isambazwe ni nani?
3. Nani mwingine, mbali na aliyeitengeneza, ameipima? Na ilipimwa kwenye udongo na mvua kama za kwetu?
4. Zao hili lina ndugu wa porini hapa kijijini? Wakichanganyika itakuwaje?
5. Naruhusiwa kuhifadhi mbegu, kugawa na kuuza?
6. Ikishindwa au ikileta madhara, nani atanilipa, na nimpate wapi?
7. Kuna njia nyingine ya kutatua tatizo hilihili ambayo tayari ipo, kama Hakika na Wahi kwa kiduha?

Asiyeweza kujibu, mwambie akaulize kwanza, mbegu itamsubiri. Anayejibu vizuri, msikilize. Na kwa vyovyote vile, usimalize mbegu yako ya zamani. Tenga kibuyu kimoja, kiandike jina na mwaka, kiweke pakavu. Ukiijaribu mbegu mpya, anza na kipande kidogo pembeni, ulinganishe mwenyewe na ile uliyoizoea.

Mada hii tutairudia hewani msimu wa maandalizi ya mashamba. Kama kuna swali la nane ambalo sisi hatukulifikiria, tutumie ujumbe kwenye namba ya studio unayoisikia kila asubuhi. Tutampelekea mtaalamu, na jibu lake tutalisoma hewani.